Godoro la Hamisi Liko Wapi

Tangu nirudi sijapumzika. Nikienda bombani, "Zuwena, godoro liko wapi?" Nikipita sokoni kununua dagaa, "Zuwena, tumesikia godoro halikufika." Jana muuza kahawa kanishikia kikombe mkononi, hanipi mpaka nimjibu. Hakuna anayeuliza nilinusurika vipi. Hakuna hata anayeuliza bibi harusi alivaa nini! Ni godoro tu, godoro tu. Sawa, najua mlichanga. Najua mtaa mzima mlitoa cha kwenu ili Hamisi wetu asimlaze mke mpya kwenye mkeka. Basi kaeni vizuri barazani hapo, nawaeleza mara moja, halafu nisiulizwe tena mpaka Idi.

Kwa wale wageni wa baraza letu, Hamisi ni mtoto wa mjomba wangu, fundi baiskeli, mtu wa mdomo mwingi nchi kavu na mwoga wa kupindukia akiwa majini. Kazaliwa Ujiji, ziwa liko pale, lakini maji hayajawahi kumpita magotini. Mtu huyo sasa ndiye aliyekwenda kumpenda Mariamu wa Mwamgongo, kijiji ambacho hakifikiki ila kwa boti! Mara ya kwanza tulipopanga kwenda kuoa, mawimbi yalitugeuza njiani. Mara ya pili Baba Mkubwa Mrisho, kaka mkubwa wa baba yake Hamisi na msemaji wetu, akaangushwa na malaria. Mzee Rashidi, baba yake Mariamu, akatuma neno: Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, kama hampo, posa yenu mtarudishiwa na kila mtu achukue hamsini zake. Hamisi alipofikishiwa maneno hayo alishindwa hata kuziba pancha.

Kutoka Ujiji hadi Kibirizi

Tuliondoka Alhamisi asubuhi kwa pikapu ya kukodi. Wenyewe mlituona, mlituimbia mpaka kona. Nyuma tulikuwa na gunia la mchele, masufuria mapya, kapu la sambusa na maandazi, dumu la mawese, na godoro la sponji lenye maua mekundu ndani ya nailoni yake iliyotoboka, limekaa juu ya vyote kama ndilo linalokwenda kuolewa. Mimi na rafiki yangu Tausi tulikaa juu yake tukipiga vigelegele. Baba Mkubwa alikaa mbele na dereva, anafanyia mazoezi hotuba yake: "Tumeona ua zuri katika bustani yenu..." Dereva akamwambia, "Mzee, mimi sina binti."

Pia tulikuwa na turubai la kujengea kivuli cha harusi. Mnalijua, lile la plastiki la wakimbizi, ambalo siku hizi ndilo paa la kila shughuli hapa kwetu, iwe harusi, matanga au maulidi. Likumbukeni hilo turubai.

Na Ndayi. Ndayi alikuja na vita vya kwao Burundi, kijana ndio kwanza anaota ndevu, ziwa likamleta peke yake. Sasa anashona nguo, anakisema Kiswahili cha Ujiji kutushinda sisi wenyewe, na Jumapili akitoka kanisani ndiye namba tisa wetu. Hamisi alisema mpambe wake ni Ndayi au haoi. Wazee wakanung'unika, Mkristo awe mpambe wa harusi ya Kiislamu? Baba Mkubwa akawakata kauli kwamba mpambe kazi yake ni kushika mwavuli, si kuswalisha. Basi Ndayi akajishonea kaunda suti ya kijivu, mifuko minne, mstari wa pasi unaweza kukukata kidole. Aliikunja ndani ya nailoni na hakuruhusu mtu aikalie. Nayo ikumbukeni.

Kibirizi, mabishano ya godoro

Pale Kibirizi boti ilikuwa tayari, nahodha hakuwa tayari. Nahodha Kitwana ni mtu mfupi, mkali, na alipoona godoro alishuka kabisa kwenye boti akaja kulizunguka.

"Hili haliendi," akasema.

"Kwa nini? Mbona jepesi?" Tausi akamuuliza.

"Ndiyo ubaya wake. Gunia la mchele linakaa chini linatulia. Godoro linabishana na upepo."

Tulimbembeleza. Hamisi akambembeleza zaidi kuliko wote, na huku macho yake yanatazama maji kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Mabishano yakawa marefu mpaka watu wakatuzunguka wakidhani tunauza. Mwanamke mmoja akalibonyeza akauliza la inchi ngapi. Mama mwingine, muuza migebuka, alituhurumia, akatuandalia ugali wa muhogo na migebuka ya kuchoma iliyopakwa mawese na pilipili, tukala wima mchangani mikono ikichuruzika. Wallahi sijala samaki mtamu kama yule. Nahodha naye akala, na shibe ikamlainisha. "Haya, pakieni. Lakini nikisema litupwe, litupwe." Tukaitika ndiyo, wote kwa pamoja, na hakuna aliyemaanisha.

Kando ya msitu wa Gombe

Ziwa lilikuwa limelala. Maji ya kijani, milima inashuka mpaka ufukweni, Tausi anaimba, mimi napiga sufuria, Ndayi anacheza amekaa. Hamisi alikuwa amefumba macho na kushika godoro kwa mikono miwili. Baba Mkubwa amefika kwenye ua la bustani kwa mara ya kumi. Raha tupu!

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nahodha akasema plagi imechafuka, tukapiga kafi mpaka ufuko mmoja wa kokoto ambapo msitu unakuja karibu na maji, ili aisafishe. Baba Mkubwa akasema kwa kuwa tumesimama, atavua kanzu yake mpya aianike kidogo, imepata maji ya rasharasha. Akaitandaza juu ya jiwe, mwenyewe akabaki na kaptura na fulana.

Nyani walikuja taratibu, kama watu walioalikwa. Mmoja mkubwa akaketi karibu na kapu la sambusa akatutazama. Tausi akamwambia, "Shii!" Nyani akafunua kitambaa, akachukua sambusa, akanusa, akala. Basi kundi zima likashuka! Tulipiga kelele, tulirusha kokoto, Ndayi alipiga sufuria, wapi! Kapu lilikwenda mbio mlimani huku maandazi yakidondoka na wadogo wakiokota. Na yule mkubwa, alipomaliza kula, akaiona kanzu.

"Weka chini!" Baba Mkubwa akanguruma. "Weka chini, mwanaharamu!"

Nyani akaivuta, akaiweka mabegani, akapanda nayo juu ya jabali akakaa. Jamani, alipendeza! Hamisi, ambaye tangu Kibirizi hajafumbua macho, alifumbua akakuta nyani kavaa kanzu ya baba yake mkubwa, akauliza kwa upole kabisa, "Shehe kafika?" Tulicheka mpaka Tausi akalala kwenye kokoto. Baba Mkubwa hakucheka. Nilimfunga kitenge changu kifuani, akaenda kukaa mbele ya boti, katupa kisogo.

Mwamgongo, tunapita

Hapa sasa ndipo mnapopataka.

Tulipokaribia Mwamgongo upepo ukaamka kutoka kusini, na mvua nyuma yake. Tukaiona Mwamgongo waziwazi. Tuliona wanawake wamejipanga ufukweni na kanga zao, tuliwasikia vigelegele. Hamisi akasimama! Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama ndani ya boti, maana kamwona Mariamu kwenye mstari, kajitanda kanga ya njano.

Injini ikazima tena.

"Makafi!" Nahodha akapiga kelele. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na sisi tulikuwa na kazi moja tu kichwani: godoro lisilowe. Tulikuwa tumekwisha kulifunika kwa turubai, mimi pembe moja, Tausi pembe moja, Ndayi na Hamisi nyuma, tumelinyanyua juu ili maji yasituame. Upepo ukaingia chini ya turubai. Likafura, pwaa! Na boti ikaondoka.

"Shusheni hilo turubai!"

"Godoro litalowa!" nikamjibu.

"Shusheni, mmenitwekea tanga!"

"La mtaa mzima hili, Nahodha, tukalijibie nini?"

Na tunapita! Jamani, tunapita Mwamgongo mbio kuliko injini ilivyowahi kwenda. Wale wanawake vigelegele vikawafia midomoni. Wanaona boti ya bwana harusi, godoro, masufuria, na bwana harusi mwenyewe kaachia pembe yake, kasimama ananyoosha mikono, "Mariamuuu! Mariamuuu!", anapungua, anapungua, anapotelea kaskazini. Mzee Rashidi tulimwona pia. Alikuwa na mwavuli mweusi, na aligeuka taratibu kadiri tulivyopita, kama mtu anayetazama treni.

Tulipokuja kushusha turubai, limeshachanika vipande, tulikuwa mbali, na mawimbi yalikuwa hayaturuhusu kugeuka. Dumu la mawese likapasuka, kila mtu akawa mwekundu kuanzia nywele. Ndayi peke yake, aliyekuwa nyuma na nahodha, hakupata mawese, ila alilowa chapachapa na meno yakawa yanagongana. "Ndugu zangu, mnisamehe," akasema, "sifi na baridi na suti ninayo." Mvua ilipokatika akabadilisha hapohapo nyuma ya nahodha. Na godoro? Kavu! Kavu kabisa ndani ya nailoni yake.

Kijiji cha uji

Jioni jua likiwa bado lipo, upepo ulitutupa kwenye kijiji kimoja karibu na mpaka. Tulishuka tukiwa tumejifunika vipande vya turubai, wekundu, tunatetemeka, na masufuria kichwani. Baba Mkubwa na kitenge kifuani. Hamisi alipokanyaga mchanga aliangua kilio cha sauti.

"Mke wangu! Nimemwacha mke wangu! Nimemwona kabisa amesimama ufukweni, nimempita!"

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakaacha dagaa. "Yoo, jamani! Kamwacha ufukweni!" Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, baadaye tulimjua kwa jina la Mama Leonia, akaja kumkumbatia. "Pole mwanangu. Atapatikana. Wote hupatikana." Akageuka. "Leteni maji ya moto! Hawa wana damu!"

"Si damu mama," nikasema, "ni ma..."

"Nyamaza, binti. Aliyetoka majini haulizwi, hulishwa. Kaa chini."

Hiyo ndiyo sheria yao. Miaka hii boti zinashuka pale kutoka ng'ambo ya mpaka na watu waliokimbia, na wenyeji wamejifunza kwamba ukimuuliza mtu habari zake akiwa na njaa, utamvunja. Kwa hiyo hakuna swali wala maelezo mpaka tumbo lipate kitu. Tulipangwa mstari mchangani. Tukapewa vikombe vya uji wa moto. Baba Mkubwa akasimama na kitenge chake, akajikohoza kama mtu mzima. "Mimi naitwa Mrisho, natokea Ujiji, na tumekuja..."

"Kula kwanza, baba."

"Lakini mwanangu, sisi ni..."

"Tunajua. Kula kwanza."

Na sisi tulivyolelewa, utakataa chakula cha mtu? Tukanywa. Tausi akanitazama, nikamtazama, uso wake una mawese mpaka masikioni, na hapo kicheko kikatushika. Tukajifunika turubai gubigubi tusionekane, mabega yanatikisika. Nikahisi mkono wa Mama Leonia unanipapasa mgongo. "Lieni, wanangu. Lieni yaishe." Mungu wangu! Nilidhani nitakufa.

Ndipo Ndayi akashuka. Alibaki kumsaidia nahodha kufunga kamba, sasa anakuja na kaunda suti yake ya kijivu, mkavu, mifuko minne, anatembea polepole asiharibu viatu. Kijiji kizima kikasimama. Wanaume wakavua kofia.

"Shikamoo, mkubwa," mzee mmoja akamwamkia, mzee wa kumzaa Ndayi! Akaletewa kiti. Kiti chenye mgongo. Akaletewa chai ya maziwa. Mtu mmoja akamshikia mwavuli.

Nikamwangalia Ndayi. Nikaona anapambana na tabasamu, na tabasamu linashindwa. Akakaa. Akaweka mguu juu ya mguu.

"Mwiriwe," akawasalimu kwa lugha ya kwao, ambayo wao wa kule mpakani wanasikilizana nayo kabisa, wakapiga makofi ya heshima. Kisha akatunyooshea kidole sisi, akawaambia kwa Kiswahili cha ofisini. "Watu hawa wametoka mbali sana. Wana hali mbaya. Hasa huyu mzee mwenye kitenge. Mwongezeeni uji."

"Ndayi, laana wewe!" Baba Mkubwa akafoka.

"Na amechanganyikiwa kidogo," Ndayi akasema kwa huzuni.

Tuliongezewa. Tulikunywa mpaka sufuria ikabaki tupu, maana kila tukitaka kusema tunajaziwa. Mpaka Mama Leonia alipoona tumeshiba, akajifuta mikono, akamkalia Hamisi mbele. "Sasa tunaweza kuuliza. Mkeo anaitwa nani, mwanangu, tumtafute?"

"Mariamu," Hamisi akasema kwa kwikwi. "Binti Rashidi. Wa Mwamgongo."

Mama Leonia akakunja uso. "Mariamu wa Mzee Rashidi? Si anaolewa kesho?"

"Ndiyo! Na mimi!"

 Hata dagaa mchangani walinyamaza. Halafu mtu akacheka, na mwingine, halafu ufuko mzima ukalipuka, watu wanaangukiana. Mama Leonia alichomoa mwiko kwenye sufuria akamwendea Ndayi. "Na wewe, mkubwa! Mkubwa wa nini?" Ndayi akaruka kiti, akakimbia akizunguka boti na kaunda suti yake, mama nyuma na mwiko, watoto nyuma ya mama.

"Mama, nisamehe! Mkimbizi wa kweli ni mimi!"

Mama Leonia akasimama. Ndayi naye akasimama, anahema, anacheka, akaonyesha jiwe jeusi lililo karibu na maji. "Nilishukia pale. Nikapewa uji hapahapa. Haukuwa na sukari."

"Sukari tungeitoa wapi, na nyinyi mlikuwa mnakuja kama dagaa?"

"Nilikaa pale alipokaa Hamisi. Nikakitazama kiti hicho. Nikasema, Mungu akinipa siku nyingine, na mimi nitakikalia." Akafuta macho kwa kiwiko cha suti. "Leo nimekikalia, mama. Nipige tu."

Hakupigwa. Mama Leonia alimtazama sana, akamrudisha kwenye kiti kwa kumshika sikio, na chai akamletea nyingine. Mimi niliyekuwa nacheka muda wote nikajikuta nalia kweli, na hakuna aliyeniambia nilie yaishe.

Ijumaa asubuhi, palepale

Sasa nisikilizeni, maana godoro linakuja.

Tulipanga kuondoka mapema. Injini ilikuwa imekufa kabisa, lakini wavuvi walisema watatupeleka kwa mitumbwi miwili, na Mama Leonia akasema anakuja. "Mke wa kumlilia hivyo lazima nimwone." Tumeshapakia kila kitu, Hamisi kashika godoro, mtu akapiga mluzi kutoka mlimani. Boti inakuja.

Hii ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imejaa, na haikuwa na sauti. Ndicho nilichokiona kwanza, sisi tulifika na makelele yetu, hawa hawakusema neno. Ndayi hakungoja. Aliingia majini na suti yake mpaka kifuani, akapokea bibi kizee mmoja mgongoni. "Humura, mukecuru," alikuwa akimwambia, "humura," yaani usiogope, bibi. Binti wa yule bibi alifuata na kichanga kifuani, siku zake chache tu duniani.

Mama Leonia akakimbilia sufuria. Akasimama. Ilikuwa tupu, na unga uliowekwa kwa ajili ya wageni tulikuwa tumeumaliza jana, vikombe kwa vikombe, sisi wenye harusi.

Nilitamani nizame. Lakini Baba Mkubwa, na kitenge chake, alishatamka. "Shusheni mchele." Tukashusha gunia la walima, lile la karamu ya harusi. Tausi akawasha moto kwenye masufuria mapya ya Mariamu. Jua linapanda, Ijumaa inakwenda, na Hamisi aliyekuwa na kila sababu ya kupiga kelele anakoroga wali kimya, anatazama jua, anakoroga.

Ardhi ilikuwa imelowa mvua. Yule bibi hakuwa na pa kukaa, na binti yake amesimama tu na mtoto, hajui amweke wapi. Hamisi akaacha mwiko. Akaenda kwenye mtumbwi, akarudi na godoro kichwani.

"Hamisi," nikasema, "hilo la mtaa mzima!"

"Najua."

"Watatuuliza!"

"Utawajibu wewe. Si unajua kusema?"

"Na wewe utalala wapi?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Nikilala na Mariamu, hata juu ya kokoto, baba mkubwa. Nisipolala naye godoro la nini?"

Akalichana nailoni. Lile godoro tulilolikinga na mvua mpaka tukampita bibi harusi, akalitandika mchangani, kavu, maua yake mekundu yanang'aa. Bibi akakaa. Kichanga kikalazwa katikati. Kilinyoosha mikono, kikapiga chafya, kikalala. Basi. Ndipo lilipo.

Kurudi Mwamgongo

Mitumbwi ilikwenda kama ina deni na Mungu. Wavuvi wanapiga kafi wanaimba, sisi tunaitikia, Mama Leonia anapigilia makofi, na Hamisi, mwoga wa maji, kashika kafi naye! Anapiga vibaya, anaturushia maji sote, hakuna aliyemzuia. Tulipoona Mwamgongo tuliona pia watu wenye kofia nyeupe wanatawanyika kutoka msikitini. Swala imekwisha.

Hatukungoja mtumbwi uguse nchi. Tuliruka. Tulipanda mchangani tukichuruzika, na mbele yetu Mzee Rashidi kasimama na mwavuli wake. Pembeni yake, jamani, mkeka umetandikwa, na juu yake vitu vyote vya posa tulivyopeleka, vimefungwa tayari kurudishwa.

"Jana niliwaona," akasema. "Mlipita mkipunga mikono."

"Hatukupunga, mzee," Hamisi akasema. "Tulikuwa tunaomba msaada."

Mtu akacheka ndani ya nyumba, kicheko cha kike, kikazibwa haraka.

"Na mlikuwa na godoro. Na masufuria. Leo naona mikono mitupu." Akamtazama Baba Mkubwa kuanzia kitenge mpaka mguu mmoja usio na kiatu. "Mna neno?"

Baba Mkubwa akajikohoza. Hotuba yote aliyoanza kuisema tangu Ujiji, siku yake imefika. "Tumeona ua..." akasema. "Tumeona ua..." Akakwama. Akatazama chini. Hamisi akapiga magoti mchangani, maji yanamtoka kwenye nywele.  Nilimwona Hamisi wetu anampoteza Mariamu mbele ya macho yangu.

 Mzee Rashidi akafunga mwavuli.

"Mmetoka majini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi usiseme kitu. Aliyetoka majini haulizwi." Akapaza sauti kuelekea nyumbani. "Leteni chakula! Hawa wale kwanza!"

Tausi ndiye aliyeanza. Alitoa mlio kama birika, na sisi sote tukaangua kicheko, wavuvi, Mama Leonia, Ndayi na suti yake iliyonyauka kama mchicha, Baba Mkubwa kwa mara ya kwanza tangu nyani, tumekaa chini mchangani tunacheka na machozi, na Mwamgongo nzima inatushangaa kama tumerogwa. Sahani zikaja, ugali na samaki wa kuhe kwenye mawese. Hamisi alikula huku analia kwenye mchuzi.

Tuliposhiba, mzee akauliza. Hamisi akaeleza, Mama Leonia akatilia nguvu kwa makofi, mpaka godoro. Mzee Rashidi alizungusha tasbihi. Halafu akawaambia vijana wake, "Rudisheni hivyo vitu ndani. Mwiteni shehe."

Sauti ya Mariamu ikatoka nyuma ya pazia: "Na mimi na huyu mtu tutalala wapi?"

"Kwenye mkeka!" tukamjibu wote.

"Haya," akasema. "Lakini jana nilimwona akinipita, na atanieleza vizuri."

Wakafungishwa ndoa jioni ile. Ndayi alishika mwavuli. Bibi harusi alivaa kanga ya njano, ingawa hamkuuliza.

Hiyo ndiyo habari ya godoro lenu. Kama kuna asiyeridhika, boti zipo, afike kile kijiji akamuulize Mama Leonia mwenyewe. Ila nawaonya, msije mkaanza na swali. Mtaambiwa mle kwanza.